Ameinua simu yangu mbele ya ukumbi mzima halafu anasema mfumo hauna tatizo

Mwana wa Kimbweta (mleta mada)

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka ukumbini sasa hivi, mkono bado unatetemeka, kama kuna herufi zimeruka mnisamehe.

AMEINUA SIMU YANGU.

Mnamjua, msinifanye nimtaje. Tai ya zambarau, "kimsingi" kila baada ya maneno matatu, rimoti ya projekta mkononi kama usinga wa chifu. Huyo huyo. Ndiye aliyetuletea huu mfumo mpya wa masomo mtandaoni ambao tangazo lake limebandikwa mpaka mlango wa choo cha bweni. Choo chenyewe hakina maji lakini tangazo lina rangi nne.

Tangu Jumatatu ya wiki iliyopita sijawahi kuingia humo nikakaa dakika kumi. Jina la kuingilia ni namba ya usajili. Namba zetu mnazijua, yangu ina mikwaju (hii alama /) mitatu kama mwanafunzi mchelewaji. Mfumo hautaki mkwaju. CR, mwakilishi wa darasa letu, akasema weka nukta. Ofisi ya TEHAMA wakasema siyo nukta, ni kistari, na herufi zote ziwe ndogo. Nikaingia siku ya tatu. Nikapiga picha asaimenti yangu, kurasa sita kwa mkono, mfumo ukaniambia faili lisizidi MB 2. MB 2! Picha ya kitambulisho changu peke yake ni MB 3, na hapo nimekunja sura.

Kwizi ya kwanza imeandikwa inafungwa 12:00. CR akatutangazia saa 12. Darasa zima tukaenda kula, tukalala, tukarudi saa kumi na moja jioni tumejipanga, tukakuta imefungwa tangu saa sita mchana. Hayo yote nilishasamehe. Mimi mtu wa kusamehe.

Leo tumeitwa mafunzo. Tumeambiwa saa tatu, yeye amefika saa tano. Watu kama mia nne, feni moja inazunguka kwa kubembelezwa. Akauliza nani mfumo umemgomea. Wote waliokuwa wanalia jana usiku kwenye kundi la darasa, kimya. Mimi na ujinga wangu nikanyoosha mkono. Akashuka ngazi taratibu, akasema lete tuone. Nikampa nikijua ananisaidia, hata nenosiri nikamtajia.

Akaishika kwa vidole viwili kama kaokota panya. Simu yangu ina ufa kona mpaka kona, na nyuma nimeifunga raba bendi kwa sababu betri imevimba. Sawa, nakubali, ni simu iliyoona mengi. Akapanda nayo jukwaani. Akaiinua JUU. Akasema, "Kimsingi mfumo hauna tatizo. Tatizo ni hili hapa."

Tatizo ni hili hapa!

Ukumbi mzima kicheko. Nadhani hata feni ilisimama icheke. Yule binti wa mstari wa mbele ambaye namwazima kalamu tangu mwaka wa kwanza, na hajawahi kurudisha hata moja, alicheka mpaka akalalia meza.

Angeninong'oneza kwamba simu haifai, ningeelewa. Angenirudishia akasema njoo ofisini, ningeelewa. Lakini kuiinua? Juu? Kama kombe la Muungano?

Binti Kosiweki

Nimeweka kambi. Anayepita aniletee karanga.

Mzee wa Kudisko

Mleta mada pole, lakini betri iliyovimba unaingia nayo kwenye ukumbi wa watu mia nne? Ungetulipua. Jamaa kainua simu juu ili mlipuko uende darini. Kimsingi kawaokoa.

Asiye na Bando

Huyo simshangai. Tarehe 12 Mei 2024, Jumapili ile nyaya za baharini zilipokatika, EASSy na Seacom kwa pamoja, intaneti ikafa nusu ya Afrika Mashariki. Unajua alifanya nini? Alitutumia BARUA PEPE kutujulisha kwamba mtandao haupo. Nimeisoma baada ya siku kadhaa. Mwishoni kaandika "kwa usaidizi zaidi tembelea tovuti yetu."

Mwana wa Kimbweta

Hahaha hiyo nilikuwa nimeisahau. Ila hakuinua simu ya mtu siku ile.

Mhitimu Mtaani

Nyie watoto mna bahati mmeuona huo mfumo. Sisi Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona tuliambiwa mfumo wa mtandaoni uko mbioni, mkalale na simu karibu. Tukalala nazo. Vyuo vikafunguliwa 1 Juni, tukarudi, mfumo bado uko mbioni. Nimehitimu, nimetafuta kazi, nimekosa, nimefungua genge, leo ndiyo nasikia umefika.

Fundi wa Sava

Tuache utani kidogo. Kwa maelezo haya huo mfumo ni Moodle. Upo tangu 2002, aliyeuanzisha ni Martin Dougiamas kule Australia, ni wa bure, na vyuo vingi tu duniani vinautumia bila kugombana. Hiyo MB 2 ndiyo kiwango ambacho PHP, lugha iliyoandikiwa Moodle, huja nacho toka kwa watengenezaji. Ni mistari miwili kwenye faili la mipangilio: upload_max_filesize na post_max_size. Unafuta namba ndogo unaandika kubwa, unawasha upya sava, yaani kompyuta inayobeba mfumo, unaenda kunywa chai. Mikwaju nayo ni hivyo hivyo, kwenye jina la kuingilia Moodle kwa kawaida inakubali herufi ndogo, tarakimu, nukta, vistari na ile alama ya @. Kuna kisanduku cha kutiki ukitaka iruhusu zaidi. Tena ina programu ya simu, unashusha noti ukiwa kwenye mtandao, unasoma baadaye bila bando, mradi mwenye sava aiwashe huduma hiyo. Simu ya mleta mada haina kosa. Wameuwasha mfumo kama walivyoushusha, hakuna aliyefungua ukurasa wa mipangilio.

Mzee wa Kudisko

Fundi, kuna mtu kakuuliza? Hapa tunaongelea simu kuinuliwa.

Mwana wa Kimbweta

Mwache aseme! MISTARI MIWILI! Umesikia wewe mwenye tai? Ila hata ingekuwa mistari elfu mbili, unaanzaje kuinua simu ya mtu? Na alivyoishika sasa. Vidole viwili. Kidole gumba na hiki cha kuonyeshea, vingine kavitandaza kama anakunywa chai kwa balozi.

Mstari wa Tatu

Mimi nilikuwepo, nimekaa mstari wa tatu, na nasikitika kusema mleta mada katuletea habari nusu. Watu hawakucheka alipoiinua simu. Hapo waliguna tu. Walicheka pale simu ILIPOITA ikiwa juu. Mlio ni jogoo. Jogoo anawika ukumbi mzima, jamaa wa tai akaishusha akaangalia skrini, akasoma kwenye maikrofoni: "Kimsingi unapigiwa na Deni Chipsi."

Binti Kosiweki

Karanga zimenipalia

Asiye na Bando

DENI CHIPSI jamani. Mwana wa Kimbweta, kwa nini hukutuambia?

Mwana wa Kimbweta

Hilo halihusiani na mada. Mada ni kuinuliwa kwa simu. Na huyo ni mtu anaitwa Deni, kifupi cha Denisi, anauza chipsi.

Mstari wa Tatu

Likafuata "Deni Mangi". Mkuu, huyo naye ni Denisi?

Mzee wa Kudisko

Ukoo wa akina Denisi una watu wengi.

Mwalimu Msaidizi

Nawasoma tu. Mnadhani mmeonewa peke yenu? Sisi wafundishaji tuliitwa Ijumaa saa nane, tukaambiwa noti za muhula mzima ziwe zimepanda kufikia Jumatatu. Nina madarasa manne na kompyuta mpakato moja, ambayo ni ya mke wangu. Hiyo kwizi iliyofungwa saa sita, pengine mwalimu wenu alikuwa anaijaribu tu, hakujua ikihifadhiwa inakwenda hewani. Mimi yangu ya majaribio swali la kwanza ni "Mambo?" na majibu manne ni poa, safi, freshi, na "yote hapo juu". Wamefanya wanafunzi 61. Nimeshindwa kuifuta. Imeingia kwenye kosiweki, zile alama za kazi za muhula.

Binti Kosiweki

MWALIMU! Kwani ile ilikuwa majaribio?? Nilijibu "poa", nikapata sifuri!

Mwalimu Msaidizi

Jibu ni "yote hapo juu".

Komredi wa Bondeni

Majirani poleni. Huku Kenya sisi mfumo unafanya kazi vizuri sana, alama ndizo hupotea. Umefanya mtihani, umesaini, una mashahidi, unaingia kuangalia, pale kwa hilo somo kuna pengo kama la jino. Missing marks. Unatumwa kwa ofisi ya kwanza, unatumwa ya pili, unarudishwa ile ya kwanza, aliyekutuma ameenda lunch. Kuna boyz wamekosa graduation juu ya hiyo maneno. Wewe umeinuliwa simu tu na unalia? Heri simu iinuliwe kuliko alama zizame.

Mhitimu Mtaani

Komredi karibu, lakini msilete mashindano ya mateso. Hata huku alama zinapotea, sema huku zinapotea kwa heshima, unaambiwa "tunazifanyia kazi".

Mwana wa Kimbweta

Komredi sikiliza. Alama zikipotea hakuna anayekuona. Simu yangu imeonwa na watu mia nne! Hadi ile raba bendi, ambayo ni ya kufungia mchicha, ina kijani bado. Nimepita kantini mtu nisiyemjua kaniuliza "kimsingi vipi?"

Deni Chipsi

Dogo nimekuona. Sahani sita na soda mbili. Nikipiga simu pokea.

Mwana wa Kimbweta

Wakuu wa jukwaa naomba huyu afungiwe. Akaunti imefunguliwa leo saa nane mchana, ni wahuni.

Asiye na Bando

Wahuni wanajua idadi ya sahani?

Mwana wa Kimbweta

Ni TANO. Ya sita alikula mwenzangu.

Mzee wa Kudisko

Mhasibu wa upande wa utetezi amekamilisha ushahidi wake.

Binti Kosiweki

Tukiwa kwenye chipsi, kuna aliyegundua zege la geti kuu limepungua? Zamani lilikuwa linafunika sahani mpaka linaning'inia. Sasa hivi linakaa katikati kama kisiwa, pembeni kachumbari tupu.

Mstari wa Tatu

Geti kuu wana nafuu, yai unaliona. Geti la nyuma yai unalinusa tu. Na viazi vinakaangwa asubuhi, jioni vinazamishwa tena kwenye mafuta.

Mhitimu Mtaani

Sisi enzi zetu zege ulikuwa unawekewa pilipili ya kopo bila kuomba. Leo pilipili inatolewa kwa kijiko cha dawa.

Fundi wa Sava

Narudia, huduma ya programu ya simu ikiwashwa hata mwenye simu ndogo anaweza

Mzee wa Kudisko

Fundi, tuko kwenye mayai.

Mwalimu Msaidizi

Kantini ya wafanyakazi ndiyo msiseme kabisa. Maharage ya Jumatano ni yale ya Jumatatu yaliyoongezewa nazi. Nimefundisha hapa miaka saba, nayajua kwa sura.

Komredi wa Bondeni

Wait, zege ni chips mayai? Na mnakula kwa stick, ama fork?

Asiye na Bando

Kijiti cha meno, komredi. Viwili. Ukiomba cha tatu unaambiwa bajeti.

Binti Kosiweki

Geti la nyuma kijiti kimoja, mnapokezana na rafiki yako.

Mwana wa Kimbweta

Geti la nyuma msinikumbushe. Juzi nimeagiza zege mayai mawili, nimesimama pale pale namwangalia. Kavunja la kwanza, la pili kaligonga ukingoni mwa kikaango, kalirudisha kwenye trei likiwa zima, akaendelea kukoroga. Nikamuuliza kaka na lile jingine? Akasema limeshaingia. Limeingia wapi wakati naliona? Lina ufa, nalionaaa, liko trei ya juu, mstari wa pili kutoka kushoto. Nimelipia mawili mimi!

Deni Chipsi

Kumbe kwa wengine unalipa.