Majaribio yanajaza maktaba yetu, vitabu vinabaki kabatini. Nifanyeje?

Mwl_Kabati (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya umma huku Eastlands, Nairobi. Nafundisha Gredi ya 4, na tangu Januari nimekabidhiwa maktaba. Nikisema maktaba msifikirie jumba. Ni chumba kilichokuwa stoo, kina kabati mbili za chuma, meza ndefu nne, mabenchi, na dirisha moja lisilofunga vizuri. Vitabu vipo, vya hadithi na vya maarifa. Vingi ni vya Kiingereza, vya Kiswahili vinajaza rafu moja na nusu.

Kila Jumatano baada ya mapumziko ya asubuhi napata dakika 35 na wanafunzi 58. Mwezi wa kwanza tulikaa kimya tukisoma, na nusu yao walikuwa wakipindua kurasa tu wakisubiri kengele. Nikaamua tufanye kitu kwa mikono. Wiki ya kwanza tulitia yai kwenye glasi ya maji, likazama. Tukakoroga chumvi vijiko vinne, likapanda juu. Darasa zima lilisimama! Wiki iliyofuata tukatia doa la kalamu nyeusi ya felti kwenye ukanda wa tishu, tukachovya ncha majini, na ule weusi ukaanza kuachana, buluu ikaenda huku, zambarau ikaenda kule. Sasa wananisubiri mlangoni kabla sijafika.

Shida yangu ni hii. Nilikuwa nimepanga mezani vitabu vitano kuhusu maji na rangi, nikidhani jaribio likiisha watavikimbilia. Hakuna aliyevigusa. Kimoja kiliwekwa chini ya glasi ili isiyumbe. Yai lilipoelea, kwao kazi ilikuwa imekwisha. Mwalimu mkuu naye alipita, akaona maji sakafuni, akaniuliza kama hapa ni maktaba au maabara. Hakuuliza kwa ubaya, nami sikuwa na jibu.

Nataka jaribio na kitabu vishikane. Sitaki kuacha majaribio, kwa sababu kuna mtoto ambaye tangu mwaka uanze sijasikia sauti yake, na siku ya yai alinyoosha mkono mara tatu. Mliofanya kazi kama hii, nisaidieni.

BabaWawili

Hongera sana mwalimu. Mimi ni mzazi tu, sina utaalamu wa kukupa. Ila mkikosa chumvi, mayai au chupa tupu, tuambieni. Tumezoea kuitwa shuleni kuchangia mambo makubwa, lakini yai moja hakuna mzazi atakayelalamika.

MkutubiMstaafu

Mwalimu, mwanangu, nimekaa na watoto na vitabu miaka mingi, na nikikusoma naona kasoro iko mahali pamoja. Jaribio lako linamaliza hadithi. Yai limezama, yai limeelea, kwisha. Aliyeshiba hapigi hodi jikoni. Likatize kabla halijawashibisha.

Jaribu maharagwe. Kata chupa ya plastiki iliyo wazi, ipambe ndani kwa karatasi ya tishu yenye unyevu, kisha uchomeke maharagwe matatu kati ya tishu na chupa ili yaonekane kwa nje. Yaloweke usiku mmoja kabla. Siku ya tatu au ya nne mzizi hutokeza, mweupe kama uzi. Waache wauchore. Halafu, mbele ya macho yao, igeuze chupa juu chini, uiegemeze isidondoke, na useme tutaonana wiki ijayo. Watakapokuja watakuta mzizi umejipinda na kuelekea chini tena. Hapo uliza swali moja tu: umejuaje chini ni wapi? Usijibu. Fungua kabati, ukae kando.

Wewe mwenyewe ujue ili usibabaike: kwenye ncha ya mzizi mna seli zenye chembe nzito za wanga. Ukiugeuza, zile chembe huanguka na kutulia upande mpya wa chini, na mzizi hufuata. Lakini hilo usilitoe siku hiyo, hata wakikuomba.

Kuhusu mwalimu mkuu, ana haki. Kitabu kikilowa hakirudi. Meza ya maji iwe karibu na mlango, juu yake sinia kubwa, na kitambaa cha kufutia mikono kitundikwe kwenye msumari. Mtoto apite kwenye kitambaa kabla ya kufika kabatini. Iwe sheria.

Na siku ukipata ruhusa na usafiri, wapeleke wakaone maktaba za watu wote. McMillan ipo katikati ya jiji tangu 1931, na ina matawi Kaloleni na Makadara, ambayo kwenu Eastlands si safari. Mtoto akiona watu wazima wamekaa wanasoma bila kulazimishwa na mtu, hilo peke yake ni somo.

TichaWaChini

Mzee wangu, shikamoo. Nakubaliana nawe nusu. Swali zuri litampeleka kabatini mtoto anayejua kusoma. Asiyejua atakwenda, atafungua, ataona ukuta wa maneno, atafunga. Mimi nafundisha Gredi ya 2, na hao ndio wangu.

Mwalimu, unasema vitabu vyako vingi ni vya Kiingereza. Nyumbani mtoto anaongea Sheng, kwenye mtihani anaulizwa kwa Kiingereza, na ile sayansi aliyoishika mkononi hana neno lake katika lugha yoyote. Ndiyo maana mimi naanza na hadithi. Nasoma kwa sauti, na nikifika pale mhusika amekwama, nafunga kitabu na kuleta vifaa. Mvua imemzuia mtu kuvuka mto? Haya, jengeni daraja kwa karatasi moja ya manila, libebe mawe kumi. Madaraja yakishaanguka, yote huanguka mara ya kwanza, narudi kusoma alichofanya mhusika. Hapo hata mbishi anasikiliza, kwa sababu ana daraja lake linalomuuma.

Hadithi za Kiswahili zikikuishia, ingia African Storybook kwenye intaneti. Zimewekwa chini ya leseni huria, kwa hiyo unaweza kuchapa bila kuvunja sheria ya mtu.

Na kitu ambacho kwangu kimefanya kazi kuliko vyote: waandike vitabu wao. Karatasi moja ya A4 ikunjwe mara mbili, ikatwe, ishonwe katikati kwa uzi, unapata kurasa nane. Kila ukurasa mchoro mmoja na sentensi moja. "Siku ya kwanza haragwe limelala." "Siku ya nne limetoa mzizi." Kisha, na hapa usipunguze hata kidogo, kipe kila kitabu namba, kiingie kwenye rejista, kikae rafuni pamoja na vile vya dukani. Nilipofanya hivyo, mtoto aliyekuwa anasoma kwa kubahatisha aliazima kitabu cha jirani yake akakisoma chote, maana mwandishi anamjua.

FundiMaabara

Naunga mkono wote wawili, na naongeza vifaa vya bei ya mama mboga.

Nunua kabichi ya zambarau, ikatekate, iloweke kwenye maji ya moto nyumbani, chuja. Nenda darasani na chupa ya hayo maji. Yagawe kwenye vikombe. Kimoja kamulia ndimu, yatakuwa mekundu ya waridi. Kingine tia magadi kidogo, yale yale ya kuivishia githeri, yatageuka kijani. Watoto wanayajua magadi jikoni, lakini wachache wanajua kwamba yanatoka Ziwa Magadi, Kajiado. Kitabu cha jiografia ambacho hakuna mtu angekifungua siku hiyo kina kazi. Ila magadi yashikwe na wewe, yasiingie machoni.

La pili ndilo nalipenda zaidi, kwa sababu linaanzia ndani ya kitabu. Watafute kitabu kinachosema maji huchemka kwenye nyuzi ngapi. Watakuta 100. Waandike. Kisha chemsha maji na uyapime kwa kipimajoto cha maabara, si kile cha homa. Hapa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kitasimama kwenye 94 au karibu na hapo, na hata ukiongeza moto hakipandi. Kitabu kimedanganya? Waache wabishane. Kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Huku juu hewa inakandamiza kidogo, maji yanawahi kuchemka, na ndiyo sababu maharagwe yetu hukawia kuiva kuliko ya Mombasa. Mtoto akigundua kwamba alichosoma kina sharti ambalo halikuandikwa, hatasoma tena kama zamani.

Nyanya_wa_Umoja

Moto na watoto 58? Hapana jamani. Mjukuu wangu aliungua chai akiwa na miaka mitano, kovu analo hadi leo.

FundiMaabara

Nyanya, pole sana, na umenena kweli. Nilipaswa kuanza na hilo. Jiko likae uwanjani, achemshe mwalimu peke yake, watoto nyuma ya mstari wa chokaa hatua tano, na mmoja tu mkubwa aitwe kusoma kipimo maji yakishatolewa motoni. Kipimo kitakuwa kimeshuka kidogo, basi mwalimu asome yakiwa bado yanachemka, atangaze kwa sauti. Kama hakuna mtu mzima wa pili wa kusimamia, jaribio hili liachwe.

Nahodha_Msa

Nawasalimu kutoka Mombasa. Hili langu halina maji wala moto, na mwalimu mkuu hatapiga deki.

Chomeka kijiti cha mita moja wima uwanjani, karibu saa sita na nusu mchana, pima kivuli kikiwa kifupi kabisa. Rudia kila wiki, muda ule ule. Mwezi huu jua bado liko kusini yetu, kwa hiyo kivuli kinalala kaskazini, na kila wiki kitapungua. Nairobi jua hupita utosini karibu tarehe 17 Machi, na tena karibu tarehe 26 Septemba. Siku hizo kivuli kinamezwa na kijiti chenyewe. Sisi Mombasa tuko kusini zaidi, kwa hiyo la Machi hutufikia wiki moja mapema, karibu tarehe 10. Mkifika Juni kivuli kitakuwa kimehamia upande wa pili, kinaelekea kusini.

Usiwaambie tarehe. Wapime tu, halafu uwape atlasi. Kila shule ina atlasi ambayo haijafunguliwa. Mimi pia nina vijana hapa mtaani nasoma nao jioni, tutapima upande wetu, tubadilishane namba.

Mwl_Kabati

Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu nilitaka kurudi na kitu mkononi. Asanteni wote. Mzee Mkutubi, kitambaa kimetundikwa, na meza ya maji iko mlangoni.

Maharagwe: nilifanya kama ulivyosema. Walipokuta mzizi umejipinda, kijana mmoja akauliza, "Kwani una macho?" Sikujibu. Nilifungua kabati nikakaa. Dakika mbili za kwanza zilikuwa za kuvutana. Kisha nikamwona msichana amefungua ukurasa wa yaliyomo, kidole kinashuka pole pole, midomo inacheza: "mi-zi-zi... kumi na nne." Wengine wakamzunguka. Nimefundisha yaliyomo na faharasa ubaoni mara ngapi, na leo ndiyo mara ya kwanza naona mtu akiyahitaji. Kitabu kilisema mizizi huelekea chini, kikaishia hapo. Wakakasirika! Swali likaandikwa kwenye daftari ambalo sasa limefungwa kwa uzi kwenye mlango wa kabati. Limefika maswali 23, na zile chembe za wanga bado sijazitaja.

Vitabu vyao vimeingia rejistani, 11 mpaka sasa. Yule mtoto wa yai ameandika viwili. Mwalimu mkuu aliazima kimoja, akasaini kama mtu mwingine yeyote.

Kabichi ilipendeza, ila kitabu kimoja kimepata doa la zambarau ukurasa wa 6. Kosa ni langu, niliruhusu vikombe vivuke meza. Maji ya moto sijathubutu. Nyanya, nimekusikia, nasubiri nipate mwenzangu wa kusimama nami.

Kijiti tulikichomeka karibu na mlingoti wa bendera. Kivuli kilianza na sentimita 13, wiki iliyofuata 8, iliyopita hakikufika 4. Wanaelekea wenyewe kwenye atlasi sasa. Walichora mstari wa Nairobi na wa Mombasa kwa rula kwenye karatasi, wakabishana kipindi kizima kwa nini aliye kusini alitangulia.

Kesho ni tarehe 17 na mawingu yametanda. Wamekubaliana kuwa uwanjani kuanzia saa sita na robo, jua litoke lisitoke. Nahodha, wanauliza kama tarehe 10 kivuli chenu kiliisha kabisa au kilibaki kidogo. Nilianza kuwaeleza, wakanikatiza, wakasema wanataka kusikia kutoka kwa aliyepima.