Mrejesho: ripoti ya maharagwe ya binti yangu

Mlionijibu nilipouliza nimsaidieje binti yangu wa Gredi ya 7 kuandika ripoti ya mradi wa sayansi bila kumwandikia, asanteni. Alikuwa amepanda maharagwe, mengine dirishani penye mwanga na mengine kabatini gizani, akawa anapima urefu. Nilimuuliza maswali tu: ulibadilisha nini, nini kilibaki vilevile, uliona nini? Majibu yake ndiyo yakawa ripoti.

Kizungumkuti kilikuwa matokeo. Maharagwe ya kabatini yalirefuka kuliko ya dirishani, naye akataka kuzifuta namba hizo! Nikamwambia aziache. Mche ulio gizani hurefuka ukisaka mwanga, ila huwa mwembamba na wa manjano kwa kukosa klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea. Akaongeza safu ya rangi kwenye jedwali.

Mwalimu ameipokea. Limebaki bango, na bei ya karatasi ya manila hapa Kayole, wacha tu.