Eti nishughulike na punda wangu wa maji! Huyu mtangazaji ametuzoea vibaya

Wadau, naandika mkono ukitetemeka, chai imepoa, mke wangu ananitazama kama nimefiwa.

Mnamjua. Yule mtangazaji wa redio wa asubuhi, mwenye sauti ya mtu aliyemeza kipaza sauti, anayejua kila mchezo uliowahi kuchezwa na binadamu. Sasa ameongeza wanyama.

Leo kaingia kwenye mbio za farasi. Akaanza na Ngong, uwanja wa mbio za farasi kule Nairobi, eti umejengwa juzi juzi. Juzi ya 1954! Nikameza. Akavuka hadi Marekani, akatangaza bila haya kwamba farasi Secretariat alishinda mbio za Belmont mwaka 1973 "kwa pua", yaani kwa tofauti ndogo kama pua tu. Farasi aliyewaacha wenzake kwa urefu wa farasi 31! Dakika 2 na sekunde 24, na hadi leo hakuna aliyeivunja rekodi hiyo. Huyo wa pili angehitaji nauli ya matatu kumfikia. Pua gani hiyo, ya tembo?

Nikapiga simu. Nimengoja dakika ishirini, salio linalia. Nikamwambia kwa adabu, kaka, ni urefu wa 31. Akanyamaza kidogo. Halafu: "Wewe si uko Nakuru? Shughulika na punda wako wa maji." Akabonyeza ile sauti ya kicheko.

AKABONYEZA KICHEKO.

Sina punda wa kubeba maji! Sijawahi kuwa na punda! Babu yangu alikuwa saisi Njoro, hapo hapo alikokulia Beryl Markham, mwanamke wa kwanza nchini kupewa leseni ya kufunza farasi wa mbio. Sisi tumenusa mavi ya farasi kabla redio yake haijapata mlingoti. Halafu mimi ndiye wa punda wa maji? Na kicheko chenyewe kirefu, nimehesabu, sekunde nane. Punda. Wa maji.

NYONGEZA: Nimefika kazini. Bawabu ananiuliza punda ameamkaje.

Bondeni_Damu: Nilikuwa nasikiliza. Pole mzee, lakini nilicheka hadi nikashuka kwa boda kabla ya stendi.

MamaWawiliFreeArea: Sekunde nane ulizihesabu kwa saa ama kwa kwato?

Saisi_Mjukuu (mwenye uzi): Mnaona? Badala ya kumkemea yeye mnanigeukia mimi. Ni 31, jamani. THELATHINI NA MOJA.

Profesa_wa_Kijiwe: Tulia. Ukoo wa kiume wa Thoroughbred, hao farasi wa mbio, wote duniani unarudi kwa madume watatu tu. Huenda na punda wako ana shangazi huko.

Isukha_Asili: Afadhali wewe umetukanwa. Huyo huyo alikuja Kakamega kutazama fahali wakipigana, akafika saa nne asubuhi, akauliza mechi inaanza saa ngapi. Fahali walishapigana alfajiri na kurudi malishoni! Jioni akatangaza eti ng'ombe wetu ni waoga, hawakutokea uwanjani.

Kondele_Finest: Fahali ni nini? Sisi Kisumu anatamka majina ya wachezaji wetu kama anasoma dawa za mifugo. Mwaka mzima. Nani amefungua uzi? Hakuna.

Isukha_Asili: Fahali ni nini?? Rudia hiyo ukiwa Shinyalu.

Kondele_Finest: Nauli utatuma?

Saisi_Mjukuu: Wadau, turudi kwa mada. Alibonyeza kicheko.

MamaWawiliFreeArea: Lakini tuseme ukweli, hao punda wa maji wenyewe ni balaa. Jana mmoja amekula sukumawiki zangu zote huku mwenye punda akiongea kwa simu. Nikimuuliza, ananiambia eti punda alikuwa na njaa. Kwani mimi nimeshiba?

Bondeni_Damu: Na mtungi wa maji umepanda bei tena. Miwili nimenunua kwa pesa ya mitatu.

Nyumba_Kumi_Kiti: Kwenu angalau anafika. Huku mifereji imekauka tangu Jumatatu, na huyo wa mkokoteni amezima simu.

Profesa_wa_Kijiwe: Muulize mwenye uzi, ana punda.

Saisi_Mjukuu: SINA PUNDA.

Nyumba_Kumi_Kiti: Kaka, mitungi minne tu, nitalipa na ya kuleta. Unafika saa ngapi?