MJADALA: Grupu la kuangalia Mto Msimbazi, aandike kila mtu au wachache waliofundishwa?

Mlinzi wa Daraja (mleta mada)
Wakuu, salaam. Sisi wa bondeni hapa Dar tuna grupu la WhatsApp la kuangaliana mto. Msimbazi mnaujua: unaanzia vilima vya Pugu kule Kisarawe. Mvua ikipiga huko, Jangwani jua linawaka na watoto wanacheza mpira, halafu maji yanashuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo tuna wenzetu wa juu. Wakiona mto umebadilika wanaandika, sisi huku chini tunaanza kupandisha magodoro.
Tumefika watu zaidi ya 200 na mambo yameharibika. Masika iliyopita mtu alirusha video ya zamani saa 7 usiku. Watu wakabeba wazee mgongoni wakikimbia, kwenda kuangalia mtoni maji yako chini kabisa. Baada ya wiki mbili ikaja taarifa ya kweli, nusu ya watu hawakuinuka kitandani. Napendekeza waandike watu 15 wanaokaa kando ya mto, wafundishwe, wengine tusome tu. Mnasemaje?

Fundi Tabata
Naunga mkono nusu. Hao 15 wakilala? Mvua kubwa na umeme kukatika ni mtu na pacha wake, simu zinazima chaji. Aliye macho saa 9 usiku ni mlinzi wa gereji na mama wa vitumbua, na hao ndio unaotaka kuwafunga mdomo.

Mzalendo Halisi
Kazi ya hali ya hewa ni ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kuna sheria ya 2019 inayobana mtu kujitangazia taarifa za hali ya hewa bila kibali. Nyie mnajipa mamlaka ya nani?

Mlinzi wa Daraja
Mzalendo, hatutabiri chochote. "Maji yamefika alama ya pili kwenye nguzo ya daraja" ni utabiri? TMA wanaheshimika. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, walikitangaza mapema na boti za Unguja zikasimama. Lakini setilaiti inaona wingu, haioni kalavati lililoziba magodoro na chupa nyuma ya nyumba yangu.

Mbeba Boksi Oklahoma
Huku Marekani wana mpango unaitwa Skywarn. Watu wa kujitolea ni mamia ya maelfu, mafunzo ni bure, kama saa 2 hivi. Nimepitia. Unafundishwa kusema vitu vitatu: umeona nini, uko wapi, saa ngapi. Mvua ya mawe unaeleza ukubwa wake kwa sarafu. "Hali ni mbaya jamani" haipokelewi. Na wataalamu wa idara ya hali ya hewa wana grupu lao la kuchati na watu wa maafa na waandishi wa habari, siyo kila mtu anaingia. Mleta mada yuko sahihi.

Kiboko wa Mbezi
Mnazunguka mbuyu. Dawa ni kuhama. Mlipewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baada ya mafuriko ya mwaka 2010, mkauza, mkarudi mabondeni, sasa mnataka tuwaonee huruma kwenye WhatsApp.

Mama wa Kigogo
Kiboko, kwanza mafuriko hayo yalikuwa Desemba 2011, viwanja vikafuata, usiandike usichokishuhudia. Mimi nilishuhudia, nilikuwa juu ya bati na mtoto wa miezi 8. Pili, nilikuwa mpangaji. Kiwanja kilimwendea mwenye nyumba, mimi niliambulia blanketi. Niuze nini?

Kiboko wa Mbezi
Pole dada, lakini miaka yote hiyo imepita hujapata chumba sehemu kavu?

Mama wa Kigogo
Nakaanga samaki. Alfajiri niko Feri nanunua, jioni nauza. Nikikaa Mabwepande nifike Feri saa ngapi, kwa nauli ya nani? Wewe ofisini kwako chai na samaki vinaletwa na watu wa wapi? Wa bondeni hao hao.

Fundi Tabata
Kiboko, Katesh nao walijitakia? Desemba 3, 2023, alfajiri, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaua watu zaidi ya 80. Lilifika mpaka mjini sokoni. Utahamisha mji?

Kiboko wa Mbezi
Hanang ni mlima, msichanganye mambo. Mto una njia yake, na aliyejenga kwenye njia ya maji anajulikana.

Mzalendo Halisi
Kiboko kasema kweli. Ila hata huko Mbezi kuna makorongo yaliyojengewa kuta za ghorofa, maji yakageuziwa kwa jirani.

Kiboko wa Mbezi
Unanisema mimi? Nyumba yangu ina hati!

Mama wa Kigogo
Hati haiogelei, kaka yangu.

Mlinzi wa Daraja
Jamani, turudi kwenye grupu. Waandike 15 au wote?

Mbeba Boksi Oklahoma
Fanyeni magrupu mawili. La chini kila mtu aripoti na picha iliyopigwa papo hapo, watu wawili wa zamu wahakiki, ndipo ipande kwenye la tahadhari.

Fundi Tabata
Kuhakiki dakika ngapi? Mto ukishapita Kigogo haungoji zamu.

Mama wa Kigogo
Mniweke zamu ya saa 9 usiku, nakuwa macho kila siku. Na yule aliyerusha video ya zamani atajwe hapa, maana mama yangu alivunjika nyonga usiku ule na hajasimama mpaka leo.

Kiboko wa Mbezi
Hilo la mama sikulijua. Pole sana, dada. La kuhama bado nalisimamia.