Mjadala: Muuza bugizi bila karatasi ya daktari, jela au tumwachie Mungu?

Mpangaji wa Section 58
Wakuu, jana usiku kijana wa ploti yetu hapa Nakuru aliletwa amebebwa kama gunia la viazi. Mate shavuni, shingo imelegea, viatu hana, simu hana. Tukadhani amewekewa mchele, dawa ya kulaza mtu kwa kinywaji. Kumbe bugizi, vile vidonge vya usingizi, alimeza mwenyewe, viwili, akashushia na kegi. Mfukoni tukapata kipande cha pakiti kimekatwa kwa makasi, jina la dawa limebaki kwa muuzaji. Na huyo muuzaji anajulikana, ana koti jeupe. Jela au?

Kaunta Tu
"Ana koti jeupe." Basi tushikeni sote wenye makoti. Miaka tisa nimesimama kaunta, sijauza hata moja bila karatasi. Wiki jana nilimkatalia mmoja akanirushia sanitaiza. Hiyo hamwandiki.

Babake Njeri
Hiyo ni dawa ya wagonjwa wa akili. Ipigwe marufuku tu.

Kaunta Tu
Si ya wagonjwa wa akili, mzee. Ni ya usingizi, flunitrazepamu, ukoo mmoja na Valium ila kali zaidi, miligramu moja tu inakuangusha. Na ikikutana na pombe, pumzi ndiyo inapungua. Mtu anakoroma, mnasema amelala vizuri, kumbe anaondoka. Huyo kijana mlimlaza vipi?

Mpangaji wa Section 58
Chali, kwa kochi.

Kaunta Tu
Chali! Akitapika je? Mlazeni ubavu, mtu akae naye. Mkimfinya asishtuke, hospitali, msingoje asubuhi.

Omera wa Kondele
Swali dogo kutoka Kisumu. Watu wa Nakuru mnatafutia nini dawa ya usingizi? Si mlipewa jiji 2021 mkalala papo hapo.

Nakuru Damu
Huyu naye. Wewe mwenye jiji tangu 2001, ziwa lako si limejaa magugu maji mpaka mashua zinakwama?

Omera wa Kondele
Chini ya magugu kuna ngege. Lenu lilikuwa na heroe, nao wakaona maji yamepanda wakahamia Bogoria. Hata ndege wamewakimbia.

Nakuru Damu
Ngege gani? Hao mnaokula siku hizi si wanatoka China kwa barafu?

Nyar Ahero
Jamani, mnabishana samaki. Binamu yangu aliwekewa kitu hapa hapa Kisumu, kwa soda, si pombe. Aliamka saa sita mchana chumba asichokijua, vifungo vya blauzi vimefungwa vibaya, kimoja kimerukwa. Kati ya saa mbili usiku na hapo hakuna kitu, si ndoto, si sauti. Alipoenda kuripoti aliulizwa, "Sasa unashtaki nini kama hukumbuki?"

Babake Njeri
Pole kwake. Lakini mtu mzima akipokea kinywaji kwa mgeni, kuna mahali amejitakia.

Nyar Ahero
Alikuwa mwenzake wa kazini. Na wewe mzee, siku ukiamka mtaa wa Shabab hapo Nakuru bila suruali nitakuja nikuulize ulijitakia wapi.

Babake Njeri
Binti, mimi ni rika la baba yako.

Nyar Ahero
Baba yangu angeuliza kwanza kama alipimwa. Alipimwa mkojo siku ya tano, na kufikia hapo dawa huenda imeshatoka. Mtu aende siku hiyo hiyo, kabla hata ya kuoga.

Fundi Redio
Si waliweka rangi? Nilisoma Roche, kampuni ya hiyo dawa, walibadilisha vidonge miaka ya 90, ukitia kwa glasi inageuka buluu.

Omera wa Kondele
Buluu ndani ya chupa ya kahawia, kwa baa yenye taa nyekundu. Utamulika na tochi ya nduthi?

Kaunta Tu
Na si kila kampuni iliweka hiyo rangi. Halafu "mchele" si dawa moja, chochote cha kulaza mtu kinaitwa hivyo. Mkitaka jela, sawa, sheria ya mihadarati ya 1994 iko. Lakini wale wanaomeza kila siku mmewafikiria? Mtu aliyemeza miezi sita akikatiwa ghafla hutetemeka, na kifafa kinaweza kumwangusha barabarani. Huyo hupunguziwa polepole na daktari. NACADA, wale wa serikali wa kupambana na pombe na mihadarati, wana namba ya bure, 1192.

Nakuru Damu
Sasa mwenye koti anatetea soko lake.

Kaunta Tu
Soma tena nilichoandika, polepole, kama mtu wa jiji.

Omera wa Kondele
Apewe kiti huyu, atakuwa wa Kisumu.

Kaunta Tu
Mimi ni wa Molo.

Mpangaji wa Section 58
Kijana ameamka. Hakumbuki kubebwa, anadai sisi ndio tulimvua viatu na anataka tumlipe.

Nakuru Damu
Namba ngapi?