Kiti cha jiji kikibaki wazi, nani akijaze? Na mshahara nani aupange?

Wakuu, mshahara wa madiwani ukitajwa kuongezwa, kila mtu anawaka. Lakini kwenye kanuni hizohizo za jiji kuna kipengele kinachopita kimya, na mimi naona ndicho kinachotunyang'anya zaidi: kiti kikibaki wazi katikati ya muhula, nani anakijaza, wananchi kwa kura au meya kwa uteuzi? Naomba tujadili yote mawili pamoja maana ugonjwa wake ni mmoja. Msimamo wangu ni kwamba anayenufaika na kanuni asiachiwe yeye kuipanga.

Mshahara nitaupitia haraka. Sisemi diwani alipwe kiduchu. Ukimlipa kiduchu, kiti unawaachia wenye mali zao, au anayejua kwamba atajilipa kwenye tenda. Alipwe vizuri, ila kiwango kipangwe na chombo kingine, kama Kenya ilivyoikabidhi kazi hiyo tume huru ya mishahara katika Katiba ya 2010. Halafu nyongeza ianze baada ya uchaguzi unaofuata, ili aliyeipitisha apite kwanza mbele ya wapiga kura.

Anayeona huo ni woga autazame mji wa Bell, California, wenye watu wasiofika 40,000. Mwaka 2005 uliitishwa uchaguzi maalumu wa kuuruhusu mji ujitungie kanuni zake, wakapiga kura watu wasiofika 400, na baraza likachomoka kwenye ukomo wa malipo uliowekwa na sheria ya jimbo. Kufikia 2010 madiwani ambao kazi yao haikuwa ya kutwa walikuwa wanachukua karibu dola 100,000 kwa mwaka, na meneja wa mji karibu 800,000. Sehemu kubwa ya fedha za madiwani ilipitia kwenye bodi ndogondogo ambazo vikao vyake ama havikufanyika, ama viliisha kwa dakika chache. Wananchi waliwang'oa kwa kura mwaka 2011, lakini fedha zilikuwa zimeshaliwa.

Sasa viti vilivyo wazi. Chicago, Meya Harold Washington alifariki ghafla tarehe 25 Novemba 1987. Sheria ilisema madiwani wamchague mmoja wao akaimu. Wiki moja baadaye walikaa usiku kucha, watu wamejaa nje wakipiga kelele, na kura ikapita kwenye saa kumi alfajiri: Eugene Sawyer ndiye meya. Mwaka 1989 wapiga kura walipopata nafasi yao, Sawyer hakuvuka hata mchujo wa chama chake. Simlaumu Sawyer, hata yeye alisitasita usiku ule. Ninachosema ni kwamba jiji zima liliongozwa kwa zaidi ya mwaka kwa hesabu za watu 50 ndani ya ukumbi mmoja.

Tuje karibu, Nairobi. Gavana Mike Sonko, kiongozi mkuu wa kaunti ya jiji hilo, alichaguliwa 2017 pamoja na naibu wake, naibu akajiuzulu Januari 2018, na kiti kile kikakaa bila mtu miaka karibu mitatu. Seneti ilipomwondoa gavana Desemba 2020, hapakuwa na wa kumrithi, kwa hiyo spika wa bunge la kaunti akakaimu. Katiba inasema ikifika hapo uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60. Tarehe ilishapangwa, 18 Februari 2021, mahakama ikausimamisha. Januari hiyohiyo Anne Kananu, ambaye jina lake lilipendekezwa na gavana aliyekwishaondolewa, akaapishwa naibu, na Novemba akawa gavana mpaka 2022. Yote yalipitia mahakamani. Lakini jiji lenye watu zaidi ya milioni nne lilimaliza muhula chini ya mtu ambaye hakuwahi kuwa kwenye karatasi ya kura ya nafasi hiyo.

Najua mtakachonijibu: uchaguzi mdogo ni gharama, na watu hawajitokezi. Kweli kabisa. Ndiyo maana napenda utaratibu wa Uingereza kwa madiwani, kwamba kiti kikibaki wazi ndani ya miezi sita ya mwisho, kinasubiri uchaguzi wa kawaida. Kikibaki wazi mapema kuliko hapo, wananchi wapige kura ndani ya siku zilizoandikwa, na anayekaimu azuiwe kugombea, maana akiwa na ofisi, magari na bajeti mkononi huo hauwi uchaguzi tena.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine. Kenya ilikaa bila makamishna wa tume ya uchaguzi tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025, na chaguzi ndogo zikasimama mpaka Novemba 2025. Kuna maeneo yaliyokosa mwakilishi kwa zaidi ya miaka miwili na sheria ipo, siku zimetajwa. Kwa hiyo siku peke yake hazitoshi, lazima kanuni iseme pia nani anawajibika zikipita.

Mnaotetea uteuzi, nijibuni hili kwanza. Diwani aliyeteuliwa na meya, siku bajeti ya meya huyohuyo inaletwa barazani, atasimama kuipinga kwa niaba ya nani?