Mbwa kazuiwa getini kwenye ngome ya kale: hela ya tiketi inarudi?

Mama Tunu: Shikamooni wakubwa, wengine habari za siku. Jumamosi tulikwenda ngome moja ya kale, familia nzima pamoja na Bosi, mbwa wetu. Tovuti yao inasema mbwa ruksa akiwa na kamba. Kufika getini, kijana wa tiketi anatuonyesha kibao nyuma ya mwavuli wake: mbwa mwisho uwanjani, ndani ya kuta hapana. Tiketi 4 nimeshalipia! Nikapewa fomu, nikajaza. Leo wamejibu hawarudishi kwa kuwa "mliingia". Tuliingia wapi? Wenzangu walizunguka, mimi nimesimama mvuani saa nzima, Bosi kalala juu ya kiatu changu. Nani amewahi kurudishiwa? Niwajibu nini?

Baba Idd: Pole dada. Dawa yake ndogo: mnunulie kizibao cha mbwa saidizi, wale wa kuwaongoza walemavu, mtandaoni. Hawawezi kukudai cheti.

Salma wa Leicester: Baba Idd, usipotoshe watu. Equality Act ya 2010, sheria ya usawa ya hapa Uingereza, inamlinda mlemavu, haimlindi mbwa aliyevalishwa. Ni kweli sheria haidai kitambulisho wala usajili, na hapo hapo ndipo wajanja mnapopitia. Mume wangu haoni. Mbwa wake ana kitabu cha ADUK, umoja wa mashirika ya mbwa saidizi, na bado kila geti tunahojiwa kama wezi, kisa hivyo vizibao vyenu.

Baba Idd: Nilikuwa natania. Humu siku hizi hata utani unaombewa kibali.

Mzee Kombo: Mama Tunu, kila mahali na amri yake. Stonehenge, kwenye yale mawe ya kale, hawataki mbwa ila saidizi, lakini ukishuka kwenye ardhi ya National Trust, shirika la kuhifadhi, iliyozunguka pale unatembea naye. Ukuta wa Hadrian ndio raha, njia ya maili 84, chunga kondoo tu. Sisi wetu tulimfikisha Pompeii kule Italia, mbwa wadogo wanaingia wakiwa na kamba. Tabu ilikuwa kurudi. AHC, cheti cha afya ya mbwa cha kusafiria, safi, chipu safi, chanjo ya kichaa cha mbwa safi, ila dawa ya tegu daktari kaandika tarehe, saa hakuandika. Tulilala Calais, upande wa Ufaransa. Dawa hiyo ni siku 1 hadi 5 kabla ya kuingia Uingereza, msisahau.

Salma wa Leicester: Masaa 24 hadi 120, Mzee. Wanahesabu masaa, ndiyo maana ulilala Calais.

Mzee Kombo: Si ndiyo hiyo hiyo, binti yangu?

Mwana wa Mvita: Mnanikumbusha Fort Jesus, ngome ya kwetu Mombasa. Utotoni tukienda na shule, paka wamelala juu ya mizinga, hakuna anayewauliza tiketi. Sisi tuliozaliwa nyuma ya ukuta ule ndio tuliopangwa foleni tukahesabiwa. Wareno walianza kuijenga 1593 ili watuweke nje, na nadhani hiyo kazi ilirithiwa.

Salma wa Leicester: Mada ni mbwa.

Mwana wa Mvita: Na mimi nasema paka. Umekereka nini?

Baba Idd: Mzee Kombo, yule daktari wa AHC ni wa huko kwako? Wangu kasema hana kibali cha kusaini, na ile karatasi ni siku 10 tu tangu isainiwe uwe umeshavuka. Sisi feri ni Alhamisi.